Houda, Aliyesoma Karata kwa Mzaha

Kule mtaani Jabe, ukiuliza nyumba ya Hamissi makanika utaonyeshwa kwa kidole tu. Ukimuulizia binti yake Houda, watu watakutazama kwanza usoni, wajue una shida gani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Houda alikuwa msichana kama wasichana wengine wa kartye, yaani wa mtaa ule, mwembamba, mwenye mwanya, na alipendwa kwa ajili ya mdomo wake. Filamu aliyoitazama yeye mara moja, majirani walioikosa waliisikia kwake ikawa tamu kuliko yenyewe. Aliweza kuiga sauti ya mwalimu wa hesabu, ya muuza samaki wadogo wa ndagala anayegombana na mteja, hata ya jirani anayekoroma adhuhuri, na watu wakashika mbavu. Mama yake Asiya, aliyekuwa akishona nguo nyumbani, alikuwa akimwambia, "Houda, zima redio yako kidogo, nisikie cherehani yangu."

Mwaka huo alikuwa na miaka kumi na saba, na mwaka mmoja tu ulikuwa umebaki afanye mtihani wa taifa. Rafiki zake wa shule walikuwa wawili. Annick alikaa upande wa chini, karibu na ziwa. Carmen alikaa Kinanira, juu kilimani, kwenye nyumba yenye paneli za jua ambamo taa hazikuzimika. Baba yake Carmen, Sylvère, alikuwa wakala wa forodha: mizigo ya wafanyabiashara ikifika bandarini kwa meli kutoka Kigoma, yeye ndiye aliyehangaika na karatasi mpaka itoke. Kwa sababu ya taa hizo, kila Jumamosi wasichana watatu walisomea kwa Carmen. Petroli ilikuwa imeadimika mjini, mabasi yakawa ya bahati, kwa hiyo Houda alitembea kwa miguu kutoka Jabe, akafika amelowa jasho, akamiminiwa juisi ya maracuja na utani juu yake.

Jumamosi moja walikuta meza mpya sebuleni. Si mpya hasa: ilikuwa meza ya kuandikia, ya zamani, iliyotoka Ulaya pamoja na vitu vingine vilivyotumika ambavyo mwenyewe hakuja kuvichukua. Sylvère aliipenda akainunua. Kwenye droo yake Carmen alikuta kijisanduku cha mbao, na ndani yake karata sabini na nane, kubwa kuliko zile za kuchezea, zenye picha za watu waliovaa kizamani.

"Ni taro hizi," Carmen alisema. "Wazungu wanatabiria nazo. Nimeona kwa simu."

"Zinasema nini?" Annick aliuliza.

"Sijui. Kile kitabu cha kuelezea hakimo."

"Kitabu cha nini?" Houda alidakia. "Leteni hapa, mi najua kusoma."

Akavua mtandio begani akajifunga kilemba, akakaa kwenye kiti cha Sylvère, akaifanya sauti yake kuwa nzito ya bibi kizee. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, na chini bondeni walisikia watoto wa jirani wakicheza mpira. Wenzake walikuwa wameanza kucheka kabla hajasema neno.

Annick alichomoa karata ya mnara unaobomoka, watu wawili wakiruka kutoka juu. Houda hakujua maana yake, na hakujali. Pembeni chini palikuwa na rangi ya buluu kidogo, basi akaishika hiyo. "Maji," alisema. "Maji yatakuja mpaka pale unapolala, Annick, na nyote mutatoka kwa dirisha."

"Kwa dirisha kama wezi!" Annick alicheka mpaka akakohoa.

Carmen alichomoa ya mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini, uso umetulia kama aliyelala. Sylvère alikuwa amepita sebuleni dakika hiyo hiyo, shati lake jeupe, akiuliza nani anataka Fanta. Labda ndiyo sababu Houda akamtia yeye kwenye mchezo. "Baba yako," alisema kwa ile sauti ya bibi. "Utamwona baba yako kichwa chini miguu juu. Utamuita, na hatakuambia kitu."

Carmen alimpiga na mto. Wakacheka tena. Houda peke yake ndiye aliyehisi kitu: maneno yale hakuyatafuta. Kwa kawaida alipotunga jambo alilipima kwanza, akachagua neno la kuchekesha. Safari hii yalikuwa yamekwisha kupangwa mdomoni, yeye akafungua tu. Hata hivyo alifurahi nayo, kama fundi anayefurahi mkono wake ukiwa mwepesi. Kisha mama yake Carmen akawaita kula, karata zikarudi sandukuni, zikasahauliwa.

Mwezi wa nne mvua zilikataa kukoma na ziwa likapanda. Maji yaliingia kartye ya kina Annick alfajiri, yakajaza matope nyuma ya mlango wa mbele hata usifunguke. Baba yake Annick aling'oa nondo za dirisha, wakatoka mmoja mmoja, nyanya yao wakamtoa kwenye shuka. Annick alisimulia haya darasani akiwa amevaa sketi ya kuazima. Alipofika kwenye dirisha akamwangalia Houda.

"Coïncidence, imesadifu tu," Carmen alisema haraka. "Watu wangapi wameingiliwa na maji? Nao walisomewa karata?"

Walikubaliana hivyo. Familia ya Annick ilihamia kwa ndugu zao Gitega, na Annick hakurudi tena shule ile.

Mwezi wa sita Sylvère alipanda milimani kwa mazishi ya shangazi yake, akaenda na Carmen. Wakirudi, kwenye miteremko baada ya Bugarama, ukungu ukiwa mzito, gari liliteleza likabingirika mara mbili, likatulia na matairi juu. Carmen alikuwa kiti cha nyuma, akavunjika mkono. Mbele yake baba yake alining'inia kwenye mkanda, kichwa chini, tai imemwangukia usoni. Carmen aliiondoa ile tai. Macho ya Sylvère yalikuwa wazi, uso umetulia. Carmen alimwita papa, papa, kwa muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria, mpaka wauza mboga wa barabarani wakaja wakamtoa.

Houda na mama yake walikwenda msibani Kinanira. Watu walikaa uani kwenye viti vya plastiki, chini ya turubai. Carmen alipowaona, aliinuka na mkono wake wenye plasta, akaingia ndani, akatoka na kile kijisanduku.

"Ulisema hataniambia kitu," alisema mbele ya watu.

"Carmen, nilikuwa nacheza. Wallahi nilikuwa nacheza."

"Ulicheza na baba yangu?"

Houda, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu ajue kusema, alisimama pale na mikono imelegea.

"Chukua vitu vyako," Carmen alisema, akamwekea sanduku kifuani. "Na usikanyage hapa tena."

Njiani kurudi Jabe, Asiya aliuliza, na Houda akaeleza yote. Asiya hakumpiga wala hakumkemea. Alinyoosha njia moja kwa moja mpaka kwa ustadhi Shakuru, mzee aliyefundisha watoto Kurani nyuma ya msikiti. Ustadhi alimsomea Houda dua, akampulizia maji ayanywe, akasema ramli ni haramu hata ikiwa ya mchezo, na zile karata zichomwe siku ile ile. Wakazichoma uani kwenye jiko la makaa, Asiya akipepea kwa kipande cha boksi. Zilikunja pembe, zikatoa moshi wenye harufu ya plastiki, zikawa majivu. Hazikurudi. Hakuna aliyeziona tena.

Hamissi alipotoka gereji jioni akasimuliwa, alitikisa kichwa. "Ile barabara inaua watu kila wiki," alisema akinawa grisi. "Nani anaisomea karata? Mutoto ameongea maneno ya mutoto. Mumuache." Houda aliyashika maneno hayo ya baba yake kwa mikono miwili, na kwa muda yalimsaidia.

Lakini habari ilikuwa imetoka msibani na watu. Shuleni dawati lake likawa la mtu mmoja. Wengine walimwogopa, na wengine, ambao walimtisha zaidi, wakaanza kumfuata. Wasichana walimngoja kwenye kona wakitaka wajue kama watapata mume. Mama mmoja alimletea kuku. Houda alikuwa na jibu moja: "Mi si mutabiri. Niacheni." Alianza kusema kidogo, kisha kidogo zaidi. Hakuiga tena sauti ya mtu yeyote. Asiya alishona siku nzima na cherehani ikasikika vizuri mpaka mtaa wa pili, na akaona heri ile redio ya Houda.

Kisha akaja Dévote. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtaa wa nyuma, mwanamke wa heshima zake anayekwenda misa kila Jumapili. Mume wake Arnaud, mwashi, alikuwa amevuka kwenda Kongo kutafuta kazi, na miezi mitano simu yake haikuita. Dévote hakuleta kuku wala maneno mengi. Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

"Mwanangu, sitaki unipigie ramli," alisema. "Mi ni mukristo. Nataka tu uniangalie, uniambie. Silali."

Houda alimwangalia kwa kumhurumia, si kwa kingine. Ndipo picha ikaja, bila karata, bila kuitwa, wazi kama kitu kilichowekwa mezani: viatu viwili vya kiume vimepangwa kando ya ukuta wa matofali, na ndani yake vumbi, vumbi la muda mrefu. Houda alikaribia kupiga kelele. Lakini akawaza haraka, kama mtu aliyeona upenyo. Mabaya aliyoyasema yalitokea. Kwa nini mema akiyasema yasitokee?

"Atarudi, tantine," alisema. "Noeli hamutaifanya bila yeye."

Dévote alimbusu mikono yote miwili. Alipaka nyumba chokaa, akanunua shati la saizi ya Arnaud, akaimba akianika nguo. Wanafunzi wake wakasema mwalimu amepona. Wiki mbili kabla ya Noeli alikuja mwashi mmoja aliyefanya kazi na Arnaud, kutoka mji wa Baraka, Kongo, amebeba mfuko wenye simu iliyopasuka na kitambulisho. Arnaud alikuwa amezikwa tangu mwezi wa saba. Siku Houda alipotamka "atarudi," nyasi zilikuwa zimeshaota pale alipolala.

Dévote alikuja akasimama mlangoni. Hakupaza sauti. "Ungeniacha tu vile nilikuwa," alisema, akaenda zake.

Houda alilia siku tatu, kisha akakaa akafikiri, kwa maana akili alikuwa nayo. Aliona kwamba mema yake hayana nguvu yoyote. Yakabaki mabaya, na hayo alidhani yana nguvu kwa sababu aliyatamka. Basi dawa ni moja: asitamke. Picha ikija, aifungie mdomoni ife huko. Aliishi hivyo miezi mingi. Alijifunza kutazama watu kwenye mabega, kwenye vifungo vya shati, kwenye vidole vya miguu. Wakati mwingine jicho liliponyoka, picha ikaja, akauma ulimi, akapita. Hakufuatilia yaliyowapata watu wale. Hakutaka kujua.

Ilyasi alikuwa kaka yake wa pekee, miaka ishirini na minne, fundi pamoja na baba yao. Lakini gari lisilo na mafuta haliharibiki. Gereji ilikaa kimya wiki nzima, Hamissi na mwanawe wakicheza dama juu ya kifuniko cha injini. Ilyasi akaanza kuzungumzia kwenda kusini. Kulikuwa na vijana wa Jabe waliopanda meli ya mizigo mpaka Zambia, kisha wakaendelea kwa malori mpaka mbali huko, na sasa walituma picha wamesimama mbele ya gereji zenye taa. Asiya alipinga, akachoka, akamshonea begi.

Wiki ile yote Houda alimkwepa kaka yake. Alikula kabla hajaja, alijifanya amelala. Asubuhi ya safari watu walikuwa uani wakimwombea dua, na Ilyasi akamjia, akamshika kidevu kama alivyozoea tangu utotoni.

"Niangalie basi, we mutoto. Umenikasirikia?"

Akamwangalia. Aliona giza ndani ya kuta za bati, watu wengi wamebanana, jasho, midomo wazi, na mkono mmoja unakwaruza bati kwa kucha. Mkono huo ulikuwa na kovu la moto juu ya kidole gumba, kovu ambalo Ilyasi alilipata kwenye radieta akiwa na miaka kumi na mitano. Ule mkono hai, wenye kovu lile lile, ulikuwa umeshika kidevu chake.

Houda aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Nikisema, nimemuua, aliwaza. Nikinyamaza, itafia humu humu.

"Safari njema, kaka," alisema.

Ilyasi akacheka, akamvuta sikio, akaweka begi begani. Hamissi alimsindikiza mpaka bandarini. Houda alibaki mlangoni na mate yake yenye damu, na moyoni, astaghfirullahi, alikuwa karibu na furaha. Alidhani ameshinda.

Siku ishirini na mbili baadaye simu iliita mchana, watu wakila. Lori lililofungwa lilikuwa limetelekezwa kwenye kichaka cha nchi ya watu, dereva amekimbia. Ndani mlikuwa na vijana wa mataifa mbalimbali, na aliyepona hakuwepo. Walizikwa huko huko. Aliyepiga simu aliwatumia picha ya kaburi, kisha akasema yeye mwenyewe hana hakika kama ni hilo.

Hitima ilisomwa bila maiti. Siku ya tatu watu walipotawanyika, Asiya alikuwa amekaa kwenye mkeka, ukutani, miguu imenyooka. Houda alikuwa akikusanya sahani.

"Houda. Weka chini hizo."

Akaziweka.

"Uliona?"

Angeweza kusema hapana. Analifikiria neno hilo mpaka leo, jinsi lilivyo fupi. Lakini aliulizwa na mama yake, kwenye mkeka wa msiba.

"Niliona, mama."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani nikisema ndiyo itatokea. Ya Carmen nilisema, ikatokea. Nikadhani..."

"Ningemfunga kamba," Asiya alisema taratibu. "Ningelala pale mlangoni anikanyage. Ningevunja mguu wake kwa nyundo ya baba yako, akae hapa na mguu mumoja, akiwa muzima." Kisha akavuta kanga akajifunika uso.

Houda alipiga magoti, akashika miguu ya mama yake. Asiya hakuiondoa miguu, lakini kanga hakuifunua. Tangu siku hiyo mama na mwana walizungumza wakiwa wameangalia pande mbili. Na baada ya siku arobaini Asiya alikwenda Rumonge kwa dada yake, akasema anakwenda kupumzika mwezi mmoja. Ni mwaka wa pili sasa. Huwa anampigia Hamissi simu, anauliza hali ya Houda kama mtu anavyouliza habari za mvua.

Hamissi hakusema tena kwamba barabara inaua bila karata. Jioni moja, wakila ugali na ndagala, alikohoa, akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi usiniangalie. Si hasira. Ni vile tu nataka nisijue." Kwa hiyo wanakula bega kwa bega, wote wawili wameelekea ukuta, na mmoja akitaka chumvi ananyoosha mkono.

Mtihani wa taifa Houda hakuufanya. Alichukua cherehani ya mama yake, akapata nafasi kwenye chumba cha mafundi wanne karibu na soko la Jabe, akaigeuza ikaelekea ukuta, mgongo wake ukawa mlangoni. Ni fundi mzuri; hata wanaomwogopa humletea kitambaa. Akipima mteja, macho yake hayatoki kwenye futi ya kitambaa, na midomo yake inasema namba tu.

Mwaka jana kijana mmoja, Huseni, muuza vipuri vya pikipiki, alianza kuleta suruali zisizohitaji kushonwa. Alikuwa mpole, hana haraka, na habari zote za Houda alikuwa amezisikia. Mara ya tatu alivuta kiti akakaa karibu na cherehani.

"Nataka kuja kwa baba yako," alisema. "Maneno ya watu mi siyaogopi."

Houda alikuwa akishona kifungo. Alijua sauti yake, harufu ya oili ya mikono yake, viatu vyake vya kahawia. Uso wake hakuwahi kuuona.

"Apana, Huseni."

"Niangalie basi kwanza, ndiyo ukatae."

Kifungo kile kilikuwa kimeshashikilia. Houda aliendelea kupitisha sindano kwenye matundu yale yale, mara tano, mara sita, akijua kwamba akiinua kichwa atamwona mtu aliyempenda kwa muda usiozidi pumzi moja, na baada ya hapo ataona kingine, na hicho atakaa nacho kitandani kila usiku wa maisha yao, akisema ni balaa, akinyamaza ni balaa.

"Apana," alirudia.

Viatu vya kahawia vilikaa kidogo, kisha vikageuka. Mwezi wa kumi Huseni alioa msichana wa Buyenzi, na gauni la kubadilisha la bibi harusi lilishonwa na Houda, kwa kuwa aliletewa kitambaa na akashindwa kusema kwa nini akikatae. Bibi harusi alisifu mkono wake. Alikuwa na sauti nyembamba ya kitoto, na kiuno sentimita sitini na nane.

Wiki hii shule zinafunguliwa. Sare hamsini na tatu zinamngoja, kaki na buluu, zimerundikwa mpaka dirishani. Anaingia saa moja asubuhi, anasalimia bila kugeuka, anaweka uzi.